Maji ya Damu ya Karani

Shangazi yangu ana jina zuri alilopewa na babu, lakini kazini hakuna anayelijua. Pale kwenye kliniki ya wanyama anaitwa Bi Ngoja. Aliyembandika jina hilo ni daktari mmoja wa zamani, mtu wa pupa, ambaye kila alipochungulia mlango wa maabara kuuliza jibu liko wapi, alijibiwa neno hilo hilo moja. Daktari kaenda zake, jina limebaki. Hata mimi, mtoto wa kaka yake, namwita Bi Ngoja tukiwa kazini na Shangazi tukiwa nyumbani.

Mimi nakaa mapokezi. Kazi yangu ni kuandika nani kaja na mnyama gani, kupima uzito, kutenganisha paka na mbwa wasije wakararuana, na kuwasikiliza watu ambao wote, bila kubagua, wana haraka. Mwenye paka ana haraka, mwenye kasuku ana haraka, hata mwenye kobe ana haraka. Na nyuma yangu, mlango wa pili kushoto, yuko mwanamke ambaye hajawahi kuharakishwa na mtu tangu azaliwe. Yeye anangojewa, mimi ndiye ninayetukanwa.

Maabara yenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha refu, meza ya vigae vyeupe, hadubini, jokofu dogo, na mashine ya kuzungushia damu ambayo ikianza kazi hata glasi zilizo mezani kwangu hutetemeka. Damu ikitolewa kwa mnyama huingia kwenye vichupa viwili. Kimoja kina kifuniko cha zambarau, na ndani yake mna dawa ya kuizuia damu isigande. Hicho ni cha kuhesabia chembe. Kingine kina kifuniko chekundu, na damu yake huachwa igande yenyewe. Kuganda ni nusu saa. Si dakika ishirini na tano, wala si "kama nusu saa hivi". Shangazi hukisimamisha kichupa chekundu kwenye kibao chenye matundu, hutazama saa ya ukutani, kisha hukaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Hasomi gazeti, hashiki simu. Anakitazama tu, kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike.

"Bi Ngoja," nilimwambia siku moja, nikiwa nimetoka kusemwa vibaya na mwenye mbuzi, "ngojangoja huumiza matumbo."

"Matumbo yana dawa," akasema bila kugeuka. "Jibu la uongo halina."

Alianza pale kama mwosha vyombo, na hilo halifichi. Siku hizo vichupa na vioo vya hadubini vilioshwa na kutumiwa tena, naye aliajiriwa kwa kazi hiyo. Fundi wa maabara wa wakati huo, mzee ambaye mikono ilishaanza kumtetemeka, alimfuma siku moja ameinamia hadubini badala ya kuifuta vumbi. Hakumfukuza. Alimuuliza anaona nini. Shangazi akasema anaona maduara mekundu mengi, na moja la zambarau limejikalia pembeni kama limenuniwa. Mzee akacheka, akamwambia hilo la zambarau ndilo askari. Kuanzia hapo akawa anamfundisha kila wanapomaliza kazi, na Shangazi akaenda kutafuta cheti, miaka minne, asubuhi akiosha vichupa, mchana akiwa darasani, na watoto wake wawili wakilelewa kwa zamu na mama yangu na jirani. Mzee alipostaafu alimwachia meza, kigoda na hadubini, na watu wakasema mwosha vyombo kapewa maabara. Shangazi anasema waliosema hivyo walisema kweli, kwa nini akasirike.

Ana daftari moja la jalada gumu ambalo haruhusu mtu kuligusa na mikono yenye mafuta. Humo huchora kwa penseli picha za protini za damu. Nieleze kidogo. Damu ikishaganda na kuzungushwa, juu hubaki maji ya manjano, na ndani ya maji hayo mna protini za kila namna. Sisi hatuna chombo cha kuzitenganisha, kwa hiyo maji yale hupelekwa maabara kubwa. Huko kuna mashine inayozikimbiza protini kwa umeme, zenye mbio zikatangulia na za uvivu zikabaki nyuma, kisha inachora mstari wa kupanda na kushuka kuonyesha kila kundi lina wingi gani. Jibu likirudi, Shangazi huuchora upya mstari ule kwa mkono wake, na amevipa vilele vyote majina.

Kilele cha kwanza, cha albumini, anakiita baba mwenye nyumba, kwa sababu ndiye anayeshika maji ndani ya mishipa yasivuje. Akikonda yeye, nyumba nzima hulowa. Mwisho kabisa hukaa kingamwili, yaani askari. Mbwa mzima huko mwisho ana kichuguu tu. Lakini mbwa aliyeambukizwa na kupe, ugonjwa ukamkaa miezi, mwili wake huita askari wa kila aina, wenye bunduki na wenye marungu, na kichuguu hugeuka mlima mpana, huku baba mwenye nyumba amebaki mifupa. Huo ndio mlima. Ila ukiona mstari umepanda ghafla, mwembamba, ukashuka ghafla, huo ni mnara. Mnara maana yake askari wote ni wa aina moja, wamezaliwa na chembe moja iliyoasi, na mara nyingi chembe hiyo ni saratani ya uboho.

"Mlima unatibika," huniambia. "Mnara, mwombee mwenye mbwa."

Nasimulia haya yote ili ieleweke kwamba niliyajua. Sikuwa mgeni pale. Ndicho kinachoniuma.

Nyuma ya posta kuna kibanda cha fundi saa, mzee mmoja mwembamba ambaye masikio yalimfia ujanani kwenye kiwanda cha mbao. Si kiziwi kabisa, ukipaza sauti atakusikia, lakini aliyesimama dirishani akasema "hodi" kwa adabu anaweza kusimama mpaka jioni. Ndiyo maana ana mbwa. Mbwa ni wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, na hushinda chini ya meza ya kazi. Mteja akitokea, mbwa humgonga mzee goti kwa pua. Kwa hiyo akaitwa Karani. Mzee anaishi peke yake, na nilishamsikia akimwambia Daktari kwamba siku nyingine sauti pekee anayoisikia ni hiyo ya gotini.

Jumatatu moja mzee aliingia kwetu amembeba Karani kifuani, na shati lake lilikuwa na damu. Ilikuwa inatoka puani mwa mbwa, kidogo kidogo, haikatiki. Fizi zilikuwa nyeupe. Mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa umesimama mlangoni. Daktari wetu, kijana mpole, msomi, ambaye kasoro yake ni kutaka mambo yote yawe yamekwisha jana, alimtoa damu, vichupa viwili, zambarau na nyekundu.

Na siku hiyo Bi Ngoja hakuwepo. Alikuwa ameng'olewa gego, shavu likavimba, akapewa mapumziko hadi Ijumaa. Katika miaka yote ile nadhani ni mara ya tatu kukosekana kazini.

Daktari akaipima ile ya zambarau kwa mashine ya kuhesabia, akatazama tone moja kwenye hadubini, hakuona mdudu. Vipimo vya haraka vya homa ya kupe vilikuwa vimeisha wiki ile, tumeagiza, havijafika. Akatoa kichwa mlangoni.

"Dada, nitolee maji ya damu ya huyu mbwa yaende na gari. Protini ziko juu mno, nataka mchoro."

Gari la maabara kubwa hupita Jumatatu na Ijumaa, saa nne asubuhi. Lilikuwa limeshafika. Dereva wake ni mtu wa honi. Anaipiga kama vile imemkosea. Mapokezi nilikuwa na paka wawili, mbuzi mmoja, na mama mmoja aliyekuwa anauliza kwa mara ya tano zamu yake ni lini. Nikakimbilia maabara.

Kichupa chekundu kilikuwa kibaoni. Nikakiinamisha: damu bado inateleza. Haikuwa imetimiza hata dakika kumi na tano. Pembeni yake kulikuwa na cha zambarau, Daktari ameshamalizana nacho. Honi ikalia. Nikakitia cha zambarau kwenye mashine, nikakizungusha, na kikatoka kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona: chini damu, juu maji safi ya manjano. Nikajiambia, si maji ya damu haya? Ni maji ya damu. Nikayavuta, nikayatia kwenye kichupa kidogo, yaliyobaki nikayaweka jokofuni kama Shangazi anavyofanya, nikabandika karatasi, nikampelekea dereva mbio. Nilijiona shujaa. Nilirudi mezani nikimwambia yule mama zamu yake imefika, na nilimwambia kwa tabasamu.

Tatizo liko kwenye neno. Kitabuni maji hayo yana majina mawili: yale ya damu iliyoganda ni seramu, yale ya damu iliyozuiwa isigande ni utegili. Lakini nani ana muda wa kusema utegili? Pale kwetu, kuanzia Daktari hadi mfagizi, yote ni maji ya damu.

Alhamisi mchana jibu lilikuja. Daktari alilichapisha, akakaa nalo. Aliponiita nikaona mstari kwa macho yangu. Baba mwenye nyumba kakonda. Na kule karibu na mwisho, umesimama wima, mnara.

Fundi saa aliitwa. Daktari alilazimika kulisema kwa sauti kubwa, maskini, jambo ambalo watu huliambiana kwa kunong'ona. Alisema saratani. Alisema uboho. Alisema dawa zake hazipatikani kwetu na mbwa ameshachoka, anavuja damu, kumwacha ni kumtesa. Mzee alisikiliza akiwa amekunja kofia yake mikononi.

"Sindano yenyewe inauma?" akauliza.

"Haiumi, mzee. Atalala tu."

"Basi kesho. Leo nikae naye."

Wakakubaliana saa tatu asubuhi. Nilimwandika mimi mwenyewe kwenye kitabu cha miadi. Niliandika "Karani, saa tatu," na sikuandika ni miadi ya nini, mkono ulikataa.

Ijumaa Bi Ngoja akarudi, shavu moja bado limetuna. Aliingia kabla ya wote, kama kawaida yake, na nilipofika nilimkuta ameshavaa koti jeupe, daftari limefunguliwa, anachora majibu ya wiki nzima. Penseli ilikuwa imesimama hewani.

"Hebu njoo," akasema. Midomo ilikuwa inafunguka nusu kwa sababu ya jino. "Mnara huu umekaa vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Mnara wa saratani huwafukuza majirani. Husimama peke yake. Huu umesimama mlangoni, na nyuma yake mlima upo pale pale, mzima, haujaguswa." Akaweka ncha ya penseli mahali mnara ulipoanzia. "Hapa ndipo inapokaa protini ya kugandisha damu. Lakini hiyo haifiki maabara kubwa. Sisi hupeleka maji ya damu iliyoganda, na ikiganda protini ile inabaki kwenye bonge. Nani alitoa maji haya?"

Kuna wakati mtu hutamani ardhi ipasuke. Yangu haikupasuka. Nilisimama pale naitazama saa ya ukutani, saa moja na dakika arobaini, na nilijua kabisa kwamba nikisema "sijui" ataniamini, kwa sababu hajawahi kunishika na uongo. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria kaka yake, baba yangu, atakavyosema. Kisha nikamfikiria yule mzee na kofia yake.

"Ni mimi," nikasema. "Niliyatoa kwenye zambarau. Nyekundu ilikuwa haijaganda na gari lilikuwa linapiga honi."

Sikupigwa, sikutukanwa. Shangazi alifumba macho, akayafumbua. "Yaliyobaki yako wapi?"

Nikafungua jokofu. Akachukua kile kichupa changu, akachukua kingine cha mbwa mwingine, seramu halali, akavitia vyote viwili kwenye maji ya moto, kipimajoto kikisoma nyuzi hamsini na sita. Ikabidi tumngoje yeye na maji yake, dakika chache, na mimi nilikuwa najing'ata kucha. Alipovitoa, kile cha seramu kilikuwa safi vile vile. Changu kilikuwa kimevurugika, cheupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Ile protini ya kugandisha haipendi moto.

Daktari alipofika alionyeshwa vichupa viwili kabla hajavua hata mkoba begani. Alivitazama, akanitazama, akakaa.

"Lakini mimi nilimwambia maji ya damu," akasema polepole.

"Ulimwambia," Shangazi akajibu. "Na yeye kakupa maji ya damu. Neno moja, vitu viwili. Na mimi nimelisikia miaka yote hapa nikanyamaza, kwa sababu nilijua mkono wangu unatoa wapi. Wewe una kosa, yeye ana kosa, na mimi ninalo. Sasa saa tatu mwenye mbwa anakuja. Hiyo sindano?"

"Haipigwi," Daktari akasema. "Siwezi kuipiga kwa karatasi hii."

"Vizuri. Mimi nitatoa damu upya." Kisha akanigeukia. "Na mwenye mbwa utamwambia wewe."

"Bi Ngoja, si Daktari ndiye..."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tena safari hii kifo si chako. Utamwambia wewe."

Saa tatu kasorobo mzee akaingia. Alikuwa amefunga kibanda. Sijawahi kukiona kimefungwa siku ya kazi. Karani alikuwa ndani ya shuka safi, manyoya yamechanwa, pua imefutwa. Mapokezi palikuwa pamejaa. Nilitoka nyuma ya meza, nikasimama mbele yake, na kwa sauti ndogo, ile ya kuungama, nikasema, "Mzee, kuna jambo. Nilikosea."

Akatega sikio. "Eh?"

"Nilikosea kipimo."

"Sema kwa nguvu, binti."

Watu wote wakageuka. Hata mbuzi aligeuka. Nikavuta pumzi nikapiga kelele, "NI MIMI NILIYEKOSEA! DAMU YA KARANI NILIITOA VIBAYA! JIBU LA SARATANI SI LA KUAMINIKA! NISAMEHE!"

Mzee alinitazama, kutoka utosini hadi viatuni, kisha akarudi usoni.

"Kwa hiyo leo hafi?"

"HAFI LEO! TUNAPIMA UPYA!"

Mwenye paka mmoja akawahi kumsogezea kiti, mzee akakaa na mbwa wake mapajani, na machozi yakaanza kumtoka bila hata kuyafuta. Nilipiga magoti pale sakafuni. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea yote. Alichofanya ni kuniwekea mkono kichwani.

"Kosa moja haliachi mke," akasema. "Lakini usirudie, maana moyo wangu mimi ni wa zamani, vipuri vyake havipo tena."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, kamasi na yote, mbele ya wateja.

Shangazi akaja na sirinji. Akamtoa Karani damu kwa mkono mwepesi, akamuuliza mzee kwa sauti kubwa kama mbwa aliwahi kuwa na kupe. "Mwaka jana, wengi," mzee akasema. "Nilimtoa mmoja mmoja kwa kibano cha saa, nikafikiri yamekwisha." Daktari na Shangazi wakatazamana. Kisha Shangazi akaingia maabara na kichupa chekundu, akakisimamisha kibaoni, akatazama saa, akakaa.

Dakika ya ishirini, honi ikalia nje. Dereva kafika. Ikalia tena. Dakika ya ishirini na tano dereva mwenyewe akaingia, funguo mkononi, akasema ana vituo vingine sita. Nikasimama mlangoni pa maabara, mikono kiunoni, nikamwambia: "Ndugu yangu, hapa hapaingii mtu. Kama una haraka, kaa kwenye kiti kile uifanyie hapo haraka yako." Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Akakaa. Nusu saa ikatimia, mashine ikanguruma, glasi zikatetemeka, na Shangazi akatoka na kichupa kidogo cha maji ya manjano, akamkabidhi mkononi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Daktari hakukaa bure. Aliona kama ni kupe, siku tatu za kungoja jibu ni siku tatu za kupoteza, kwa hiyo siku hiyo hiyo akamwanzishia Karani vidonge vya homa ya kupe. Alimwambia mzee ukweli wote: inawezekana ni kupe, inawezekana bado ni ile nyingine, hata kupe wenyewe mara chache huweza kusimamisha mnara. Mzee akaitikia kila neno. Nadhani alisikia nusu, ile nusu aliyoitaka.

Jumatatu saa saba jibu likaja. Daktari alilitazama, akapiga meza kofi moja, akanikabidhi karatasi. Kilele cha kwanza, kifupi, maskini baba mwenye nyumba. Kisha vilima vidogo. Kisha mlima, mpana, umelala kutoka huku hadi kule. Mnara hakuna. Pale ulipokuwa umesimama palikuwa na bonde.

Fundi saa simu haisikii, kwa hiyo nilikwenda kwa miguu, nusu nikitembea nusu nikikimbia, na koti la kazi. Kabla sijafungua mdomo nikaona mbwa ananyanyua kichwa chini ya meza. Alikuwa amekula siku mbili mfululizo, mzee aliniambia, na pua haikuwa ikitoka damu tena. Nikamtandazia karatasi dirishani. Akavaa kioo chake cha jichoni, kile cha kutazamia meno ya saa, akaufuata mstari wote kwa ncha ya bisibisi, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Huu mlima," akasema, "ndio mzuri?"

"SI MZURI! LAKINI UNATIBIKA!"

Akakivua kioo kwa sababu kilikuwa kimeingia ukungu. Akanishika mkono, akautikisa, akausahau mkononi mwake muda mrefu. "Mwambie mama yule wa maabara," akasema, na hakumaliza, akaanza tena, "mwambie nimeshukuru. Nimeshukuru sana."

Karani alimaliza vidonge vyake, siku ishirini na nane. Baba mwenye nyumba akaanza kunenepa, na mlima umekuwa ukimomonyoka taratibu, kila mchoro chini kidogo kuliko uliotangulia. Mlangoni pa maabara sasa kuna karatasi ya Shangazi: HAPA HAKUNA MAJI YA DAMU. SEMA SERAMU AU SEMA UTEGILI. Mfagizi wetu anasema utegili kuliko profesa.

Lakini mchana ule wa Jumatatu niliporudi kutoka kibandani, nilimkuta Shangazi amesimama dirishani, hafanyi kitu.

"Amesema nini?"

Nikamweleza yote, kioo, bisibisi, mkono. Nilipofika kwenye salamu zake, Shangazi alikaa ghafla, kama aliyekatwa kamba.

"Afadhali," akasema. "Afadhali, Mungu wangu. Siku tatu sijala, na wala si jino."

"Lakini wewe si ulikuwa na hakika?"

"Hakika ya nini?" akasema. "Mchoro uliharibika, basi. Chini yake kungeweza kuwa na mlima na kungeweza kuwa na mnara mwingine wa kweli. Nilimsimamisha mzee wa watu mlangoni pa kifo cha mbwa wake, nikampa siku tatu za matumaini, na mimi mwenyewe sina hata chembe ya kumpa. Jibu lingerudi saratani, angemzika mara mbili. Sikujua, mwanangu. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba hatujui."

Kisha akalia, mwanamke ambaye sikumwona akilia hata alipong'olewa gego. Nikamkumbatia, nikalia naye, na tulipomaliza tukanawa uso kwenye sinki la vichupa, kwa zamu.